Mguu wa Tano

Pale karakana walimwita Chaki, kwa sababu kuanzia kucha mpaka nyusi alikuwa mweupe wa plasta, na kila alikopita aliacha alama. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia. Karakana ilikuwa nyuma ya hospitali, chumba kirefu chenye madirisha ya juu, na humo walitengeneza miguu ya bandia. Ilining'inia kwenye kulabu kama nguo zilizoanikwa, ya watoto upande huu, ya watu wazima upande ule. Mwaka mzima Chaki alifagia unga wa plasta, lakini macho yake yalikuwa kwenye meza za mafundi, ndiyo maana sakafu haikuwahi kutakata sawasawa.

Alikuwa na sababu. Kaka yake, ambaye wamechangia baba na mama, alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Wazazi wao walifariki mapema, na kaka huyo ndiye aliyemlea, akamfulia sare za shule, akamsuka nywele vibaya vibaya mpaka watoto wenzake wakawa wanamcheka. Siku moja jukwaa lilikatika, akaanguka, na boriti ikamfuata. Mguu wa kulia ukakatwa chini kidogo ya goti. Mguu wa bandia aliopewa ulimtoa malengelenge wiki ya kwanza, akausukumia uvunguni mwa kitanda, akarudi kwenye magongo. Chaki akajiapiza kwamba atamtengenezea kaka yake mguu wa kupandia paa. Aliapa kwa mapenzi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomponza kaka yake.

Mkuu wa karakana aliitwa Mzee Tupa. Tupa ile ya kukwangulia haikumtoka mkononi, na ulimi wake ulikuwa na meno vilevile. Fundi akikosea, Mzee Tupa hakumgombeza faraghani. Aliuweka mguu wenye kasoro juu ya meza ya katikati, akaita watu wote, akauponda kwa nyundo, kisha akampa mwenyewe vipande avipeleke jalalani.

Siku moja alimsimamisha Chaki akiwa na ufagio mkononi.

"Wewe unafagia mezani kwa watu," alimwambia. "Unataka kujifunza?"

"Nataka, mzee."

"Una mtu?"

"Mtu gani?"

"Wa kumharibia. Sikupi mgonjwa wa hospitali umchezee. Nasikia una ndugu aliyekatwa. Mlete huyo. Ukimuumiza, mtayamaliza wenyewe nyumbani."

Chaki alimwona mzee mkatili. Hata hivyo, kesho yake asubuhi alimleta kaka yake.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Kigutu kinafungwa bendeji zenye plasta mbichi, zikikauka zinavuliwa, na ndani yake inamiminwa plasta nyingine. Hapo unapata sanamu ya kigutu cha mtu, nyeupe, baridi, isiyolia. Sanamu hiyo unaichonga: ukikwangua mahali, mguu utabana hapo, ukiongeza plasta, mguu utaachia hapo. Juu ya sanamu unavutia plastiki ya moto, ikipoa inakuwa kikombe, na kikombe hicho ndicho kinachombeba mtu. Ugumu ni kujua pa kukwangua na pa kuongeza, na hilo sanamu haikuambii. Anayekuambia ni mwenye mguu, naye anakuambia akishaumia.

Mguu wa kwanza ulienda hatua tatu. Ya nne, mguu ulishika njia yake na kaka akashika yake, akaangukia kidevu katikati ya vyuma viwili vya kushikilia. Akainuka anatema damu na kucheka.

"Mdogo wangu, huu mguu wako una safari zake."

Mzee Tupa hakucheka. Aliita watu, akaponda. "Umefunga plasta goti likiwa limenyooka," alisema. "Nani anatembea hivyo? Mlingoti?" Chaki aliokota vipande, kisha akaketi kwenye ngazi za nyuma akaandika katika daftari: goti likunjwe kidogo wakati wa kufunga.

Mguu wa pili ulidumu siku nane. Siku ya tisa alimkuta kaka yake ameketi kitandani, ngozi ya mbele ya kigutu imechunika kama nyanya iliyomwagiwa maji ya moto.

"Tangu lini?"

"Siku ya tatu."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilifikiri ndivyo unavyoanza. Hata viatu vipya vinauma."

Mguu huo nao ukapondwa. Safari hii Mzee Tupa alimfundisha kitu. Mtu akishatembea, alisema, mvue, subiri muda wa kunywa glasi ya maji. Wekundu unaoondoka usikutishe. Wekundu unaobaki ni kosa lako, na mahali ulipo ndipo ulipokosea. Kuanzia hapo Chaki akawa anasoma kigutu cha kaka yake kama watu wanavyosoma barua. Alichora kila doa katika daftari, akaandika tarehe na ukubwa, wa kunde, wa ukucha, wa kifungo.

Na hapo ndipo tabia yake ilipoanza kugeuka, ingawa mwenyewe hakuiona. Mguu wa tatu ulimsumbua majuma matatu. Kaka alilalamika kwamba unamuuma, lakini doa halikuonekana popote. Chaki alikosa usingizi, akakosa hamu ya kula. Kisha siku moja alivua soksi ya pamba akakuta tone la damu upande wa ndani, dogo, safi, mahali hasa ambapo hakuwahi kupafikiria.

"Umecheka," alisema kaka yake.

"Sijacheka."

"Umecheka, mdogo wangu. Si kitu. Mimi pia nilikuwa nikifurahi nikiona tone limetua sakafuni, maana nimejua paa linavujia wapi." Akavuta suruali yake akafunika kigutu. "Lakini paa halina macho ya kukuona."

Chaki aliinamisha uso kwenye daftari. Aliona haya, lakini haikumzuia kuandika.

Mguu wa nne ulikuja vizuri. Kaka alitembea nao mpaka sokoni na kurudi, akabeba ndoo ya maji, akapanda ngazi ya mbao vidato vitatu huku mkewe ameshika kiuno chake kwa nyuma na kumwambia ashuke. Jumapili moja aliezeka banda la kuku. Halikuwa paa la maana, kuku wenyewe walikuwa sita, lakini alikaa kule juu mpaka jua likamchoma, hataki kushuka. Chaki alisimama chini akamtazama, na kama hadithi ingekwisha hapo, angekuwa mtu mwema.

Mtihani wa mafundi hufanyika mara moja kila miaka miwili. Wanakuja watahini watatu kutoka nje, kila mwanafunzi analeta mgonjwa wake, mgonjwa anatembea. Ulipangwa Jumatano. Jumamosi kabla yake, mke wa kaka yake alikuja karakana, kitenge amekifunga upesi upesi, akasimama mlangoni.

"Wifi, kaka yako hali chakula. Na anatetemeka."

Chaki alimfuata. Kaka yake alikuwa amelala na shuka mbili mchana kweupe. Alimvua mguu, akamvua soksi. Upande wa nje, chini ya goti, pale penye kinundu kidogo cha mfupa, palikuwa na tundu la ukubwa wa kifungo cha shati. Kingo zake zilikuwa za manjano. Alipoinama, harufu ilimpanda puani.

Alijua. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye watu walimtetea kwamba hakujua. Alikuwa amefundishwa kwamba kidonda cha namna hiyo kinapelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo, na mguu haugusi ngozi mpaka pafunge, hata ikiwa miezi miwili. Alijua pia kwamba hana mgonjwa mwingine, na kwamba baada ya Jumatano ni miaka miwili.

"Ni kibaya?" kaka aliuliza.

"Ni kidonda tu."

"Kwa hiyo?"

Alikitazama kidonda, hakumtazama yeye. "Siku nne, kaka. Vumilia siku nne tu, halafu nakupeleka mwenyewe."

Wifi yake alikuwa amesimama na beseni la maji ya uvuguvugu. Alimtazama mumewe, akamtazama Chaki, akasema, "Wewe ndiye mwenye kujua, wifi." Chaki alisafisha, akajaza pamba, akafunga. Kaka akatabasamu kwa midomo iliyokauka. "Siku nne si nyingi," alisema. "Wewe nilikubeba mgongoni miaka minne."

Jumatatu walipita karakana kufanya mazoezi, na Jumanne pia. Mzee Tupa alipita karibu yao mara mbili, akasimama, akavuta pumzi, akaendelea na tupa yake.

Jumatano kaka alitembea kuliko mtu yeyote aliyewahi kutembea katika chumba kile. Alikwenda na kurudi mara kumi bila kushika vyuma. Alipanda vidato vya mlangoni, akashuka, akageuka kwa mguu mmoja kama mcheza dansi. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola, naye akawaambia watahini kwamba joto limezidi. Mmoja wao alipiga makofi. Kalamu zilikuwa tayari juu ya karatasi.

"Mvueni soksi," alisema Mzee Tupa.

Soksi haikuvulika. Ilikuwa imegandamana na nyama, ikabidi ilowanishwe, na ilipotoka ilitoka na kitu ambacho kilimfanya mtahini aliyepiga makofi ageukie dirishani. Kaka hakupiga kelele. Alishika tu kingo za kiti.

"Huyu," Mzee Tupa aliwaambia, "amempigisha ndugu yake gwaride juu ya usaha. Andikeni mnavyoona."

Waliandika sifuri. Mguu wa nne uliwekwa juu ya meza ya katikati, nyundo ikaletwa. Chaki alisubiri watu watawanyike, akamfuata mzee mpaka kwenye sinki alikokuwa akinawa.

"Ulijua, mzee?"

"Nilisikia harufu tangu Jumatatu."

"Mbona hukusema?"

Mzee Tupa alijifuta kidole kimoja kimoja. "Nilitaka kujua kama utasema wewe."

Usaha ulikuwa umeingia mfupani. Madaktari walijaribu dawa siku tisa, ya kumi wakasema goti haliokoleki. Walimkata asubuhi, juu ya goti, karibu na nyonga kuliko walivyoahidi. Chaki na wifi yake waliketi kwenye benchi la korido, katikati yao pameachwa nafasi ya mtu wa tatu. Mlango wa chumba cha upasuaji ulifunguka, akatoka mhudumu anasukuma kitoroli, na juu ya kitoroli palikuwa na mfuko. Mifuko ya rangi ilikuwa imekwisha siku hiyo. Walikuwa wametumia wa plastiki angavu, ule wa kuonyesha ndani.

Wifi aliuona, akajifunika uso kwa kanga.

Chaki alisimama. "Ngoja kidogo," alimwambia mhudumu, na yule akadhani ni mambo ya kuaga, akasimama kwa heshima. Chaki aliinama. Kigutu kilikuwa kimelala ubavu, kimeegemea plastiki, na pale kinundu cha mfupa kilipogusa plastiki ngozi ilikuwa imeparara, doa jeupe lenye ukingo, dogo kama punje ya mahindi. Aliukandamiza mfuko kwa kidole upande mwingine. Doa jingine likatokea, chini ya kidole chake. Akaachia, likafifia. Akakandamiza tena.

Miaka yote ile alikuwa akisubiri mtu atembee, aumie, avuliwe, ndipo aone. Alikuwa akitengeneza vikombe visivyoonyesha ndani. Kumbe kikombe kikiwa angavu, ngozi yenyewe inakwambia kabla haijachunika, kabla mwenye mguu hajapiga hata hatua moja.

Alishuka ngazi akitembea, na alipofika uani akaanza kukimbia.

Kaka alizinduka alasiri. Aliuliza mdogo wake yuko wapi. Mkewe akasema anakuja. Akauliza tena, akajibiwa vilevile. Wakati huo Chaki alikuwa karakana, ameyeyusha kipande cha plastiki kilichotolewa kwenye kioo cha kofia ya pikipiki, vidole viwili vimeungua, na alikuwa mwenye furaha, furaha safi kabisa ambayo hakuwahi kuipata tangu utotoni.

Alifika wodini jioni, mweupe wa plasta mpaka kope. Wifi yake alimzuia mlangoni.

"Alikuulizia mara tatu," alisema. "Ya nne hakuuliza."

"Wifi, nimepata kitu. Nimeona makosa yalipo, nimeona yote—"

"Mume wangu hakuwa daftari, wifi." Alisema polepole, bila kupandisha sauti, kisha akarudisha mlango.

Mguu wa tano ulivaliwa na mwanamke asiyemhusu, mwalimu mstaafu mwenye maneno makali, ambaye mafundi wengine walikuwa wamemkimbia. Chaki alimvisha kwanza kikombe angavu cha majaribio, akamsimamisha, akapiga magoti kumtazama kwa tochi. Palipokuwa peupe, alipasha plastiki moto akapasukuma nje. Palipolegea, akaongeza. Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa matusi, akayakosa. Alitembea mwezi mzima. Walipomvua, ngozi ilikuwa kama ya mtoto.

Mzee Tupa alikishika kikombe kile, akakigeuza dirishani, akakitazama muda mrefu. Hakuita watu, wala hakuomba nyundo.

"Miguu minne," alisema mwisho. "Mimi ilinichukua kumi na mmoja. Na wawili kati ya niliowaharibia walikuwa watoto." Akakirudisha mezani taratibu. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa na shahada yake. Alipostaafu, alimwachia Chaki ufunguo.

Vikombe angavu vilienea. Watu walitoka mbali, wengine wamebebwa, wakarudi wanatembea, na hilo si jambo la kubeza: ni mamia ya watu, wamo waliokata tamaa, wamo walioolewa wakiwa wamevaa miguu ile. Jina la Chaki likaandikwa mlangoni. Wanafunzi wakaongezeka. Na kwa kuwa watu hupenda kusikia jinsi mtu alivyopanda, mwaka wa saba chuo kilimwalika azungumze na mafundi wapya juu ya kujifunza kutokana na makosa. Mtu fulani ofisini akaona itapendeza kama kaka mwenyewe atakuwepo. Walimpelekea gari.

Alikuja na magongo, amevaa shati lililonyooshwa, mguu wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini. Hakuwahi kupata mguu mwingine. Kigutu kilichobaki kilikuwa kifupi na chenye makovu, hakikushika kitu. Siku hizi alisuka viti, ameketi kibarazani, na mapaa aliyatazama kutoka chini kama watu wengine. Walimketisha mstari wa mbele.

Chaki alizungumza vizuri. Aliwachekesha kwa mguu wa kwanza uliokuwa na safari zake. Aliwasimulia mtihani na sifuri aliyopewa, akasema mgonjwa alipata kidonda, hakusema ni nani, wala siku nne. Kisha akasema kwamba siku moja, ameketi amevunjika moyo, aliona chupa ya maji mkononi mwa mtu, akaona jinsi vidole vinavyoparara vikibana plastiki, na hapo akili ikamfunguka. Ukumbi ukapiga makofi. Kaka naye alipiga, magongo yameegemea bega lake.

Baadaye waliachwa peke yao katika chumba cha wageni, kila mmoja na soda yake.

"Chupa ya nani?" kaka aliuliza.

"Ipi?"

"Ile ya maji. Nilizinduka umeshaondoka, ukarudi umeungua vidole na kikombe umeshakitengeneza. Wifi yako anasema uliondoka wakati kitoroli kinapita. Miaka saba sijauliza. Leo nimeuliza."

Chaki aliizungusha soda mezani. Angeweza kudanganya tena, na angesamehewa. "Haikuwa chupa," alisema.

Kaka alitikisa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa mahali panapovuja. "Kwa hiyo uliuona."

"Niliuona."

"Mimi sikuuona. Walikuwa wamenilaza usingizi. Ulikuwaje?"

Chaki alimweleza. Hakuwa na lugha nyingine ila ile ya daftari, kwa hiyo alimweleza hivyo: urefu wake kwa vidole, rangi ya ngozi juu na chini, kidonda kilipofika, kovu la zamani la msumari alilokuwa nalo gotini, kinundu cha mfupa, doa na ukingo wake. Alisema kwamba aliukandamiza kwa kidole. Alisema aliukandamiza mara mbili. Kaka alisikiliza amefumba macho, na mkono wake, pengine bila yeye kujua, ulishuka ukashika hewa pale goti lingekuwa.

"Basi," alisema. "Inatosha."

"Kaka, nisamehe."

"Hao vijana waambie hiyo hiyo ya chupa," alisema, akivuta magongo. "Ile nyingine usiwaambie. Watadhani ndivyo inavyotakiwa."

Chaki alimfungulia mlango. Gari lilikuwa linasubiri, na dereva alishuka kumsaidia, kwa sababu Chaki alikuwa ameitwa kurudi ukumbini kupigwa picha.